Mgeni hayuko shambani: Amri ya biashara 15 ikisomwa kutoka Kusini

Tangu Wizara ya Viwanda na Biashara itoe amri ya mwishoni mwa Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, watu wa Mtwara na Lindi wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inashangilia: wageni sasa watatuachia riziki yetu, na mkulima wa korosho atapumua. Kambi ya pili, ambayo humo utawakuta wenye mahoteli, madalali wa viwanja na washauri wa uwekezaji, inalalamika kwamba tumewafungia watu mlango wakati huu ambao bandari ya Mtwara imepanuliwa na mradi wa gesi wa Likong'o bado unasubiriwa. Nionavyo mimi, kambi zote mbili zimeisoma amri ile kwa macho ya Kariakoo, ambako ndiko kelele nyingi zilikotokea. Ukiisoma ukiwa Newala, Nanyamba au Nachingwea unakuta jambo jingine. Amri inamkataza mgeni pale ambapo hayupo, yaani shambani, na inamzuia pale ambapo tungenufaika naye, yaani kwenye kiwanda kidogo. Katikati ya hapo kuna mtu wa tatu ambaye hakuna anayependa kumtaja, naye ni mzawa.

Tuanze na yaliyomo. Amri ilitolewa na waziri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Inawakataza wasio raia biashara ya jumla na rejareja (isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya bidhaa zinazozalishwa nchini), uwakala wa miamala ya pesa kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo ndani ya hoteli, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, udalali, uwakala wa forodha, mashine za kamari nje ya kasino, ununuzi wa mazao shambani, viwanda vidogo, na nyingine chache. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana yake: faini ya shilingi milioni 5 au miezi mitatu gerezani. Waliokuwa na leseni halali waliachwa waendelee hadi leseni zao ziishe.

Ambacho amri haikugusa ni ile njia kuu ya mwekezaji. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 iliweka kiwango cha chini cha mtaji kuwa dola 500,000 kwa mgeni na dola 50,000 kwa Mtanzania, na ikapandisha idadi ya wataalamu wa kigeni ambao mwekezaji huruhusiwa kuja nao moja kwa moja kutoka watano hadi kumi. Mwaka 2025 kazi ya kituo cha uwekezaji na ile ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje ziliunganishwa chini ya mamlaka moja, TISEZA. Watu wengi hudhani dola hizo 500,000 ndizo tiketi ya kuishi nchini. Sivyo. Hicho ni kiwango cha kupata cheti cha motisha: nafuu za kodi, nafasi hizo kumi, na njia ya kupata ardhi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kuishi na kufanya kazi ni karatasi mbili tofauti. Moja ni kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya 2015 ya ajira za wageni, na nyingine ni kibali cha ukaazi daraja A, kile cha mgeni anayefanya biashara yake mwenyewe, kutoka Uhamiaji. Kwa miaka mingi watu wenye mitaji midogo kuliko hiyo wamekuwa wakiishi hapa kwa daraja A bila cheti cha uwekezaji. Hao ndio amri imewagusa. Mwenye dola milioni kadhaa na kiwanda cha saruji hana habari nayo.

Sasa twende shambani. Katazo la ununuzi wa mazao shambani ndilo lililopigiwa makofi zaidi huku kwetu, na ninaelewa kwa nini, maana kila familia ya Kusini ina kisa chake cha kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kabla hazijavunwa. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba hivi, lakini ada, msiba na njaa havisubiri Oktoba. Kuanzia Mei au Juni anapita mtu mwenye fedha taslimu. Anamkopesha mkulima, na deni linahesabiwa kwa magunia ya korosho ambazo bado ni maua. Msimu ukifika anakuja kuchukua chake kwa kipimo alichokichagua mwenyewe, kwa bei ambayo ikikaribia nusu ya mnada mkulima anajiona ana bahati. Kisha yule mnunuzi anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, wenyewe huita Amcos, kwa jina lake au la shemeji yake, unaingia ghalani na kupata stakabadhi kama mzigo wa mkulima yeyote. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulioanza Mtwara msimu wa 2007, ulikusudiwa kumfuta mtu huyu. Haukumfuta. Ulimfundisha kupanga foleni.

Ni nani huyu? Jibu tulilipata mwaka 2018, kwa gharama kubwa. Serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya, timu za uhakiki zilizunguka vijijini kuuliza kila mwenye mzigo mkubwa: shamba lako liko wapi? Walioshindwa kuonyesha shamba walikuwa watu tunaowafahamu. Walikuwa wenye maduka ya vijijini, watumishi wa umma, wenye pikipiki za kukodisha, mara nyingine viongozi wa vyama vyenyewe. Mgeni alikuwa kwingine kabisa, kwenye mnada, akiwa na barua ya benki na meli inayosubiri. Kama kuna fedha ya kigeni iliyokuwa ikizunguka kijijini, ilipita mikononi mwa mtu mwenye kitambulisho cha taifa. Kumkataza mgeni asinunue shambani ni sawa kisheria, na siipingi, kwa sababu tusingependa siku moja aje kweli. Lakini tusidanganyane kwamba kangomba wa Tandahimba amekwishapigwa marufuku kwa amri hii. Amri haimhusu.

Hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapotokea, ile ya kwamba mgeni akiondoka bei itapanda. Bei ya mazao yetu haipangwi shambani, na wala haipangwi Dodoma. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza, mbaazi za Lindi na Mtwara zilidoda na bei ikaanguka hadi wakulima wengine wakaziacha shambani, bila mgeni hata mmoja kukanyaga kijijini. Mwaka uliofuata, korosho: wanunuzi hawakufika bei, Serikali ikaingia yenyewe, wakulima wakasubiri malipo kwa miezi, na mapema 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya wa kununua tani 100,000 ambao haukutekelezwa. Kinyume chake, msimu wa 2024, minada ikifanyika kupitia soko la bidhaa la TMX, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Wanunuzi walikuwa wengi na nchi nyingine zilikuwa na upungufu wa mzigo, basi. Korosho yetu ghafi karibu yote huenda India na Vietnam kubanguliwa. Mkulima wa Kusini anahitaji wageni wengi wanaogombania mzigo wake mnadani. Anayesema wakipungua ndipo tutanufaika hajakaa kwenye kikao cha mnada siku ambayo wanunuzi wawili tu wameleta barua.

Kuhusu saluni, ufundi simu na uwakala wa pesa kwa simu sina mengi. Hizo ni kazi ambazo kijana wa Ligula au wa Ndoro anaweza kuzianza kwa mtaji wa kuokoteza, na hakuna nchi yenye akili inayotoa kibali cha ukaazi kwa mtu aje kubadilisha vioo vya simu. Uwakala wa forodha nao, tangu Serikali iagize korosho za Kusini zipitie bandari ya Mtwara badala ya kusafirishwa kwa malori hadi Dar es Salaam, umekuwa na kazi ya kutosha kwa vijana wetu. Amri imekaa mahali pake.

Tatizo langu ni viwanda vidogo. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003 inakitaja kiwanda kidogo kuwa chenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji wa kati ya shilingi milioni 5 na milioni 200. Sasa fikiria nini hasa tunachokosa katika korosho. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikopa na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua, vipatavyo 12, vingi vikiwa huku Kusini: Mtwara, Lindi, Masasi, Newala. Mitambo ilikuwa mikubwa kuliko mzigo, vipuri vilitoka Italia na Japani, uzalishaji ukaporomoka, na viwanda vilipobinafsishwa kadhaa viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Upande wa pili wa ngazi tuna vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mashine za mkono, vidole vimeungua kwa mafuta ya ganda, wanauza mifuko barabarani pale Mnazi Mmoja ya Lindi kila basi linaposimama. Kati ya mitambo iliyolala na mama wa Mnazi Mmoja hakuna kitu.

Ukimtazama yule mama kwa karibu unaona anachokosa si ustadi. Korosho zake nyingi zinatoka nzima, na nzima ndiyo pesa. Mnunuzi wa Ulaya au wa Ghuba hununua kwa madaraja, W240 (korosho nzima kubwa) kwa bei yake, W320 (nzima ndogo zaidi) kwa bei yake, vipande kwa bei ya chini kabisa. Mama anachanganya zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni kwa sababu abiria wa basi haulizi daraja. Anachokosa ni mtu anayemfahamu mnunuzi wa mbali, anayejua cheti gani cha usalama wa chakula kinatakiwa, unyevu uwe kiasi gani, na katoni ifungwe vipi. Mtu wa namna hiyo mara nyingi si tajiri. Ni fundi au mfanyabiashara wa kawaida kutoka mji wenye viwanda vya korosho, mwenye shilingi milioni 100 au 150 na namba za simu za wateja. Zamani angekuja kwa daraja A, akapanga jengo Mtwara, akaajiri wanawake 40. Leo kiwanda chake kiko kwenye orodha moja na mashine za kamari. Akijitutumua kuvuka milioni 200 hakatazwi tena, lakini hadi afikishe dola 500,000, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja, hapati cheti wala motisha yoyote. Tumemkaribisha mkubwa, tumemfukuza mdogo, na wa kati tumemwacha ajitafutie.

Watetezi wa amri watasema mkubwa ndiye anayeaminika. Historia ya mikoa hii inasema vingine. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walitumbukiza pauni milioni 36 kwenye mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni watoto wa mradi huo. Karanga zilishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Miaka sitini baadaye, Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ilipata takriban hekta 34,000 za vijiji vinne kwa ajili ya kilimo cha mibono ya mafuta. Kufikia 2010 ilikuwa imekwama, na wanavijiji wakabaki wanauliza ardhi yao sasa ni ya nani, kwa kuwa ardhi ya kijiji ikishahamishwa hairudi kwa kuomba tu. Dangote, tajiri wa Nigeria, amejenga kiwanda Mtwara na anazalisha saruji, hilo ni kweli na lina heshima yake. Ila ukitaka kumwona mgeni aliyeota mizizi Kusini, tembea mji mkongwe wa Lindi au Mikindani utazame nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi. Walikuja na mitumba ya nguo na mizani, hawakuwa na cheti cha mtu, wakakaa vizazi vitatu, wengine hadi Serikali ilipotaifisha majengo mwaka 1971. Sisemi walikuwa malaika, babu zetu waliowauzia ufuta wangenicheka kaburini. Nasema ukubwa wa mfuko haujawahi kutuonyesha nani atakaa na nani ataondoka.

Hoja nzito dhidi yangu ni hii: kiwanda kidogo ndicho mahali pekee ambapo Mtanzania wa kawaida anaweza kuingia kwenye uzalishaji, na ukimruhusu mgeni mwenye mashine bora na mkopo wa riba nafuu wa kwao, kikundi cha Mnazi Mmoja kitakufa ndani ya msimu mmoja. Siwezi kuipuuza. Riba za benki zetu zinajulikana, na kikundi cha akina mama kumi hakiwezi kushindana na mtu anayekopa nje. Ndiyo maana sidai mlango uachwe wazi. Nadai ufunguliwe kwa masharti kwenye sekta zile ambazo malighafi yetu inaondoka ghafi. Mgeni awe mbia wa Amcos au wa kikundi kilichosajiliwa, hisa za wenyeji ziwe za kweli, kibali chake cha ukaazi kifungwe na kazi ya kuuza nje na si kuuza sokoni hapa kwetu, na kikiisha muda kihuishwe kwa kuangalia tani alizobangua. Serikali ilijiwekea lengo la kuacha kuuza korosho ghafi ifikapo 2030, na imetenga kongani ya viwanda pale Maranje. Sioni jinsi lengo hilo litakavyofikiwa na wakubwa peke yao ilhali hao wakubwa wa jana wametuachia maghala.

Sasa yule mtu wa tatu. Si siri kwamba mjini Mtwara kuna maduka ambayo leseni ukutani ina jina la kijana wa hapa, kijana mwenyewe yupo kaunta, na ukimdodosa taratibu anakueleza kwamba analipwa mshahara wa mwezi na mwenye mali anakuja jioni kuchukua mauzo. Jina lake limekodishwa. Hapati faida, ila ikija kesi ya kodi mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ni yake na deni ni lake. Amri imeongeza bei ya majina haya, kwa sababu mgeni aliyekuwa na leseni yake halali sasa ana sababu ya kutafuta jina. Leseni ya biashara hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo kadiri zinavyoisha, soko hili la majina linakua. Ofisa biashara wa halmashauri akiishia kukagua uraia wa aliyeandikwa, atarudi ofisini na ripoti safi. Aulize mengine: nani analipa pango, nani anasaini akaunti ya benki, mzigo uliagizwa kwa jina la nani. Na adhabu ya milioni 5 kwa raia itakuwa na maana siku ile atakaposhitakiwa mwenye jengo au mwenye cheo aliyeazimisha jina lake. Mpaka sasa nahofia atakayeanza kukamatwa ni yule kijana wa kaunta.

Kuna upande mmoja zaidi ambao Dar es Salaam haiuoni vizuri. Kenya ililalamikia amri kwa kutumia Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010 na inayotoa haki ya kuanzisha biashara katika nchi wanachama. Hilo litamalizwa na mawaziri. Sisi jirani yetu ni Msumbiji, ambayo haimo kwenye jumuiya hiyo. Watu wetu wanavuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo na kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wanafungua vibanda katika miji ya Msumbiji ya Pemba, Mueda na Montepuez, na hawana itifaki yoyote ya kuwalinda, wanategemea hisani. Mwanzoni mwa 2017 Msumbiji ilipowafukuza wageni Montepuez, kwenye machimbo ya rubi, Watanzania wengi walirudi kupitia Mtwara mikono mitupu, na malalamiko yetu wakati ule yalikuwa kwamba wale walikuwa wachuuzi tu, hawakumdhuru mtu. Maputo ikitaka kunakili orodha yetu ya biashara 15, kibanda cha simu cha Mmakonde wa Newala kitakuwa cha kwanza kufungwa, na balozi wetu hatakuwa na la kusema. Mikutano ya ujirani mwema kati ya Mtwara na jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji ingepaswa kulizungumza hili mapema, ikiwezekana kwa kukubaliana idadi ya wachuuzi kila upande.

Na mradi wa gesi wa Likong'o, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42, ukianza kweli, yote haya yatajirudia Lindi kwa kasi kubwa zaidi. Kampuni za mafuta na gesi za Shell na Equinor zitahitaji usafi, mizigo, chakula na karakana. Usafi na usafirishaji wa vifurushi amri imevihifadhi kwa raia, vizuri. Lakini karakana ya kuchomelea yenye mafundi 20 ni kiwanda kidogo, na fundi wa kigeni anayeweza kuwafundisha vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Lindi uchomeleaji wa mabomba ya gesi hawezi kuifungua, hata kwa ubia, kama orodha ilivyoandikwa. Atakuja kama mwajiriwa wa mkandarasi mkubwa, afanye kazi miaka miwili, aondoke na ujuzi wake. Wabunge wa Kusini wana la kumwambia waziri kuhusu kipengele hicho kimoja, na hawahitaji kusubiri muswada: iliyotolewa kwa amri hurekebishwa kwa amri.